Intaneti yetu inapita Ulaya, na safari tunailipa sisi

Kongo iko na vituo vya kubadilishana intaneti, kama vile KINIX ya Kinshasa, iliyoanza mwaka 2012, kisha LUBIX ya Lubumbashi na GOMIX ya Goma. Hivyo vitatu vilianzishwa na ISPA-DRC, chama cha makampuni yanayouza intaneti katika inchi. Hapa Salamabila watu wengi hawajasikia hata jina moja kati ya hayo. Wengine watasema: sisi watu wa shimo, mambo haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Kila mwenye simu, tangu Namoya mpaka Kabambare na Kasongo, analipa gharama ambayo vituo hivi viliwekwa ili kuipunguza.

Tuseme wazi namna inavyokuwa. Mtoto wetu iko hapa na kadi ya kampuni moja ya simu. Anatuma faili kwa shule kubwa ya Kindu, ambayo intaneti yake ni ya kampuni ingine. Kama makampuni haya mawili hayakutani pahali popote ndani ya Kongo, faili inatoka inchini kwa satelaiti ao kwa waya wa chini ya bahari, inafika Ulaya, kule inahama kutoka kampuni moja kwenda ingine, kisha inarudi mpaka Kindu. Kwenda kunalipwa kwa dola, na kurudi kunalipwa kwa dola. Kampuni haitoe ile pesa katika mfuko wake. Inaiweka ndani ya bei ya forfe. Sisi wachimbaji tunaijua biashara ya namna hiyo: dhahabu inatoka kwetu mbichi, inarudi ikiwa pete, na bei iko ingine.

Kituo cha kubadilishana kinakata ile safari. Ukikiona hautashangaa: ni chumba chenye mashini ya kuunganisha waya, umeme usiokatika, na watu wachache wa kuchunga. Kila kampuni inaleta waya wake pale, na mizigo ya ndani ya inchi inapitishwa palepale. Ni kama soko la njiapanda. Mwenye mihogo na mwenye samaki wanakutana hapo, hakuna anayesafiri mbali ili auziane na jirani yake.

Mashini yenyewe haina bei kubwa. Kigumu ni kukubaliana. Tuangalie Kenya. Kituo chao cha Nairobi, KIXP, kilifunguliwa mwisho wa mwaka 2000. Telkom Kenya, kampuni ya Serikali iliyokuwa peke yake katika kazi ya kupeleka intaneti inje, ikalalamika, na ofisi ya Serikali inayosimamia mawasiliano ikakifunga baada ya wiki mbili hivi. Makampuni madogo hayakukubali. Yalipigania kibali, na mwaka 2002 kituo kikafunguliwa tena.

Matunda yake yameandikwa. Uchunguzi wa Internet Society wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, mbele ya kituo, habari ya kutoka kampuni moja kwenda ingine ndani ya Kenya ilitumia milisekunde 200 mpaka 600 kwenda na kurudi. Baada ya kituo ikawa milisekunde 2 mpaka 10. Makampuni yalikuwa yanaokoa karibu dola milioni 1,5 kila mwaka. Uchunguzi ingine wa shirika hilo, wa mwaka 2020, ulisema kwamba asilimia 70 ya intaneti ya Kenya ilikuwa inapatikana ndani ya inchi, wakati mwaka 2012 ilikuwa asilimia 30 tu. Hiyo ilitokea kwa sababu makampuni makubwa ya dunia, kama vile Google, yaliweka Nairobi mashini zenye kopi za video na vitu vingine ambavyo watu wanaangalia sana.

Basi Kongo, yenye vituo hivi, inakosa nini? Tunaona mambo matatu.

La kwanza ni njia. Waya wa bahari wa WACS ulifunguliwa rasmi Muanda mwaka 2013. Muanda iko magaribi kabisa, sisi tuko mashariki. Kituo cha Goma kinaweza kuwa kizuri sana, lakini kama hakuna waya mzuri wa kutoka Kindu, Kasongo na Salamabila kwenda kule, kwetu kitakuwa kama soko lenye vitu vyote ngambo ya mto usiokuwa na daraja. Tena njia moja haitoshe. Mwezi wa tatu 2024 waya kadhaa za bahari zilikatika karibu na Abidjan, na WACS ilikuwa kati yao. Mwezi wa tano mwaka uleule, EASSy na Seacom zilikatika upande wa bahari ya Hindi, na Tanzania na Kenya zikaumia. Na mwezi wa kwanza 2025 mji wa Goma ukaingia mikononi mwa M23, Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Nani leo atatuambia kwamba Maniema itegemee mji mumoja peke yake? Kindu inastahili kituo chake, hata kidogo, chenye njia mbili za kutoka: moja kwenda kusini, moja kwenda upande ingine.

La pili ni pahali vitu vinapowekwa. Kituo hakisaidie kitu kama yale tunayoyatafuta yanalala kwenye mashini za Ulaya. Ujumbe wa WhatsApp, kwa mufano, utaendelea kusafiri mpaka kwenye mashini za mwenyewe. Lakini kuna mambo ya kwetu sisi: ramani ya vibali vya madini ya CAMI, ripoti za ITIE, habari za CNSS juu ya pansio, na zile kaye de sharje ambazo makampuni yanaweka sahihi pamoja na wakaaji. Mtu anayetaka kujua shimo analochimba liko ndani ya kibali cha nani asilipe safari ya Ulaya ili kusoma karatasi iliyoandikwa Kinshasa. Karatasi za Leta ziwekwe kwenye mashini zilizo ndani ya inchi, na zile mashini ziungwe kwenye vituo.

La tatu ni bei. Kampuni ikiokoa pesa, nani anasema zile pesa zitashuka mpaka kwenye forfe ya mama anayengoja habari ya bwana yake aliye shimoni? Hakuna mashini inayofanya vile yenyewe. ARPTC, ofisi inayosimamia simu na intaneti, ina kazi ya kuuliza. Nasi tuna kazi ya kuiuliza ARPTC.

Wengine wanatuambia tungoje satelaiti. Ni kweli, Starlink ilipata leseni katika Kongo mwaka 2025, na kwa pahali kama petu ni musaada. Lakini ishara ya satelaiti inapashwa kushuka chini pahali fulani, na kama pahali hapo ni inchi ingine, tumerudia safari ileile. Wengine wanazania kwamba kituo kitazuia Serikali kufunga intaneti, kama ilivyofanya kwa wiki karibu tatu, tangu mwisho wa 2018, baada ya uchaguzi. Hapana. Mwenye kuamuru makampuni yazime anaweza kuyaamuru hata kama kituo kipo. Hiyo ni vita ingine, ya sheria.

Sasa sisi tufanye nini? Kodi ya madini, ile sheria ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inaomba kila kampuni yenye kibali cha kuchimba itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, tena iweke sahihi kwenye kaye de sharje. Tumezoea kuomba shule, kisima, kituo cha afya, barabara, na tutaendelea kuviomba. Lakini kompani za madini zinajiwekea mawasiliano yao ndani ya lupango, na ngambo ya ukuta watu wanapanda kilima kutafuta rezo. Kwa hiyo tunapendekeza maneno mawili yaingie kwenye kila mazungumuzo yanayokuja: mnara na waya wa kampuni vitumikie na wakaaji, na kaye de sharje yenyewe iwekwe pahali ambapo kila mutu anaweza kuisoma kwenye simu yake.

Hata delege wa sendika asiyejua mashini anaweza kubeba maulizo matatu kwenye mukutano: intaneti yetu inapita wapi, nani anailipa, na lini njia itakuwa fupi? Wakaaji wa Nairobi walipata jibu kwa sababu kuna watu waliokataa kunyamaza mulango ulipofungwa. Delege wetu wajifunze haya maulizo matatu mbele ya kukaa mezani.