Jiwe la Mugere na Wapiga Makasia Wake

Msafiri atokaye Nyanza-Lac, akapita Rumonge na michikichi yake, akaifuata njia ya kando ya ziwa hata ikasalia kama kilomita 12 kufika Bujumbura, huoneshwa huko Mugere jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Na aghalabu huambiwa kwamba hapo ndipo walipoonana mara ya kwanza, kauli isiyo na asili, kwani walikwisha kuonana Ujiji, na Mugere walilala siku mbili tu, wakiwa wageni.

Kilichowaleta ni habari ya mto Rusizi, ambao wataalamu wa Ulaya walibishana kama watoka ziwani kwenda kuulisha Nile au waingia. Wakauona kwa macho yao waingia. (Wavuvi wa mlangoni mwa mto, nadhani, wangalijibu bila ya taabu.) Lakini mtumbwi ulikuwa wa Said bin Majid, tajiri Mwarabu wa Ujiji, mpishi alikuwa Ferajji, mkalimani Selim, na pamoja nao alikuwamo Susi, yuleyule ambaye Livingstone alipofariki mwaka 1873 aliichukua maiti yake, yeye na Chuma na wenzao, hadi Bagamoyo. Hawa, na wapiga makasia waliotokwa jasho safari nzima, jiwe halikuwataja.

Sisemi jiwe ling'olewe. Nasema liwekewe kando yake kibao, kwa Kirundi na Kiswahili, chenye majina hayo, na maelezo kwamba waungwana wale walikutana Ujiji.

Wala tusiishie Mugere, maana mwambao huu una tarehe nzito kuliko malazi ya siku mbili. Rumonge ndiko walikouawa wamisionari watatu wa Mababa Weupe tarehe 4 Mei 1881. Na ni katika mwambao huu, Rumonge na Nyanza-Lac, ndiko kulikozuka maasi na mauaji ya 29 Aprili 1972, yaliyofuatwa na mauaji makubwa zaidi ya dola nchi nzima, hata maelfu wakavuka kwenda Tanzania, na waliporejea baada ya miaka mingi wakakuta mashamba yao mikononi mwa wengine. Alama ya msiba huo, ikiwekwa, iwataje marehemu wote bila ya kuchagua, ama sivyo isiwekwe kabisa.

Basi wakuu wa Rumonge na Nyanza-Lac nawaomba wawaite wazee waliosalia, Warundi na Waswahili, waandike shahada zao sasa, kabla ya kumwita mchonga mawe.