Nani Huamua Aliye na Wazimu?

Aghalabu huchukuliwa kwamba neno "wazimu" hutaja maradhi tu, kama vile "malaria" inavyotaja homa. Historia ya Nairobi yaonyesha vinginevyo. Mara nyingi mwenye mamlaka ndiye aliyeamua nani ana akili timamu na nani hana, na uamuzi huo ukamfaa yeye kuliko mgonjwa.

Daktari J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari tangu 1938 hadi 1950. Mnamo 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau. Humo, uasi ulielezwa zaidi kama msukosuko wa nafsi za watu waliopotewa na mila zao. Dai la ardhi likageuzwa dalili ya ugonjwa. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa aliyeupinga utawala huo, naye alikuwa amefungiwa Mathari katika miaka ya 1940.

Uhuru haukuikomesha tabia hii. Mwaka 1989, Wangari Maathai na wenzake walipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Rais Moi alidai kwamba wapinzani wa mradi huo walikuwa na wadudu vichwani. Hoja haikujibiwa, kilichoshukiwa ni kichwa kilichoitoa. Hatimaye mradi uliachwa na bustani ikabaki.

Sheria nayo yaweza kumnyima mgonjwa jina la ugonjwa. Hadi Januari 2025, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu, Milimani, ndiyo iliyotangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Maumivu ya mja huyo hayakubadilika; lililobadilika ni neno la mwenye mamlaka.

Mali nayo ina kauli. Lavington na Kawangware ni mitaa jirani, lakini mwenye pesa akilemewa na mawazo huambiwa ana sonona, akatafutiwa daktari. Maskini akilemewa vivyo hivyo, huenda akaitwa kichaa na kufungwa kamba.

Haya hayamaanishi kwamba maradhi ya akili ni uzushi. Wagonjwa wapo, na wanastahili tiba. Kuyageuza maradhi yao kuwa tusi la kisiasa ni kuwadhulumu mara mbili, kwani wengi huficha dalili zao wasije wakatukanwa.

Hapa ndipo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wanapohusika. Watungao kamusi, wafasirio sheria na wahakikio fasihi wana mamlaka ya kutaja. Wanapokutana na mhusika aitwaye mwendawazimu, katika riwaya au mahakamani, swali la kwanza lisiwe anaugua nini. Liwe: nani amemwita hivyo, na anafaidika vipi?