Crusoe na Mtoto wa Garissa

Eti Robinson Crusoe, riwaya ya Daniel Defoe ya 1719, iondolewe kwenye maktaba inayobebwa na ngamia kwa kuwa mtoto wa Garissa hajui bahari! Aprili 2024 Mto Tana ulifunika barabara pale Kona Punda, watu wakavuka kwa mashua, na moja ikazama na abiria wake. Hofu ya maji mtoto huyo anaijua.

Mkitaka kumshtaki Crusoe, shujaa wa riwaya hiyo, mshtakini kwa haki. Anasifiwa kwa kujitegemea, ilhali alipakua kutoka merikebu yake iliyovunjika bunduki, baruti, mchele, hata pombe. Mfugaji wa Wajir ukame ukimkuta haokoti shehena ya mtu. Tena alimuuza Xury, kijana aliyetoroka naye Salé, kwa nahodha Mreno. Na alivunjikiwa merikebu akiwa njiani kuja Afrika kununua watumwa. Hayo mtoto atayajuaje mkimnyima kitabu?