Asiyeng'ara Uwanjani Asitupwe, Aweza Kuongoza Timu



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozua ubishi mkubwa baina yetu walimu hapa Maore, na ambalo naona linawahusu pia viongozi wa michezo wa nchi nzima. Jambo lenyewe ni hili: je, mtu ambaye hakuwa mchezaji hodari aweza kuwa kiongozi hodari wa timu?

Ubishi ulianza zilipofika habari, mwezi Juni 2025, kwamba Masai Ujiri ameachana na timu ya mpira wa kikapu ya Toronto Raptors ya Kanada baada ya kuiongoza kwa miaka 12. Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye ni shabiki mkubwa wa michezo, aliuliza kwa dharau, "Huyo naye alicheza wapi?" Nikamjibu kwamba hapo hasa ndipo penye somo. Tangu siku hiyo hatujapatana, na nimeona afadhali wasomaji nao waamue.

Kwa wale wasiomfahamu, Ujiri alizaliwa Uingereza mwaka 1970, akakulia Zaria, Nigeria. Baba yake ni Mnigeria na mama yake ni Mkenya, daktari. (Wanafunzi wangu waliposikia jina la Masai walidhani ni mfugaji wa huku kwetu kando ya Mkomazi, nikawa na kazi ya kuwaelewesha.) Alianza na kandanda kama vijana wengi, kisha akauhamia mpira wa kikapu akiwa kijana mdogo. Alikwenda kusoma Marekani, halafu akacheza kwa kulipwa miaka kadhaa huko Ulaya, katika timu ambazo wengi wetu hatujapata kuzisikia. Ligi kubwa ya Marekani, yaani NBA, hakuicheza hata siku moja. Ilipofika mwaka 2002 aliacha kucheza.

Sasa msomaji angalia alichofanya. Hakurudi nyumbani kukaa barazani akisimulia alivyoonewa na makocha. Aliomba kazi ya kutafuta vipaji katika timu ya Orlando Magic, na kazi hiyo akaifanya bila mshahara. Alikwenda kwenye viwanja, akawatazama vijana, akaandika alichokiona, akapeleka taarifa. Taarifa zake zilipoonekana zina maana, timu ya Denver Nuggets ikamwajiri kwa mshahara. Mwaka 2007 Toronto ikamchukua kusimamia utafutaji wa vipaji duniani kote, na mwaka 2010 Denver ikamrudisha awe meneja mkuu. Katika msimu wa 2012/13 timu yake ilishinda michezo 57 kati ya 82, na yeye akapewa tuzo ya kiongozi bora wa mwaka, akiwa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kuipata. Ndipo Toronto ikamwita tena mwaka huo huo wa 2013.

Mwenzangu husema hiyo ni bahati. Mimi nasema mtu aliyefanya kazi miaka kadhaa akiandika habari za wachezaji wa watu wengine anakuwa amejifunza kitu ambacho nyota hana nafasi ya kujifunza. Nyota hutazamwa na watu wote. Yule wa akiba hukaa benchi akawatazama wenzake wote.

Sitaki kumsifu Ujiri kupita kiasi, maana yako mambo aliyoyafanya ambayo mimi binafsi sikuyapenda. Mwaka 2018 alimwondoa kocha Dwane Casey, ambaye alikuwa ametoka kushinda michezo 59, na ambaye mwezi uliofuata alitangazwa kocha bora wa mwaka wa ligi nzima. Kisha akambadilisha DeMar DeRozan, kijana aliyeitumikia Toronto miaka 9 na kuipenda kama kwao, ili ampate Kawhi Leonard ambaye kila mtu alijua kwamba pengine atakaa mwaka mmoja tu. DeRozan aliumia, akasema hakuambiwa ukweli mapema, na Ujiri ilimbidi aombe radhi hadharani kwa jinsi walivyozungumza. Mimi ni mwalimu na najua uzito wa kumwambia mtoto aliyejitahidi kwamba nafasi yake amepewa mwingine. Yafaa aambiwe kabla hajasikia njiani.

Lakini mwaka uliofuata, yaani 2019, Toronto ilichukua ubingwa kwa kuwafunga Golden State Warriors michezo 4 kwa 2. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu iliyo nje ya Marekani kuchukua ubingwa wa ligi hiyo. Ni kweli kwamba katika njia ya kufika huko mpira mmoja wa Leonard, walipocheza na Philadelphia, uligonga chuma cha goli mara nne kabla haujaingia, na kama ungetoka nje huenda leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Mwenzangu huukumbuka mpira huo kila siku. Ila hakumbuki kwamba katika mchezo wa mwisho wa ubingwa Fred VanVleet, ambaye mwaka 2016 timu zote zilimpita bila kumchagua, alifunga pointi 22, na kwamba Pascal Siakam wa Kamerun, aliyechaguliwa wa 27 mwaka huo huo, alifunga 26. Hao Leonard hakuja nao. Walikuwa wameonwa na kutunzwa na timu yenyewe, na kazi ya namna hiyo ndiyo aliyoanza nayo Ujiri alipokuwa halipwi.

Hapa lazima nimtaje kijana wetu Hasheem Thabeet, kwa sababu kila ubishi wa mpira wa kikapu katika nchi hii mwisho wake humfikia yeye. Thabeet, mwenye urefu wa meta 2.21, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na alianza mchezo huu akiwa na umri wa miaka kama 15. Alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika mgawo wa wachezaji wapya wa NBA, akachukuliwa na Memphis Grizzlies. Stephen Curry alikuwa wa 7 mwaka huo, na DeRozan niliyemtaja hapo juu alikuwa wa 9. Ni Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Wapo wanaomcheka eti hakufika mbali. Naomba waache. Kijana aliyeugusa mpira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15 alisukumwa kushindana na watu walioushika tangu utotoni, na bado alicheza zaidi ya michezo 200 katika ligi hiyo, kisha akaendelea na kazi yake hadi Japani na Taiwan. Swali langu ni kwetu sisi tuliobaki nyumbani. Tulikuwa na kijana mmoja huko juu, je, tulituma nani aende kujifunza jinsi timu ile inavyoendeshwa, jinsi mikataba inavyoandikwa, jinsi mtafuta vipaji anavyofanya kazi yake? Tulifurahia urefu wake, tukadhani urefu unatosha.

Ugonjwa huu unaanzia shuleni, na hapa nasema ninayoyaona kwa macho yangu. Shule yetu ina goli moja la kikapu, nguzo ya mti na duara la chuma alilotuchomea fundi wa hapa kijijini. Wanafunzi warefu wakichelewa kulifikia tunawasukuma. Wafupi wakitaka kujaribu tunawaambia wakachote maji. Nina msichana mmoja wa darasa la sita, mfupi, hana mbio, lakini ana jicho. Mwaka jana nilimpa daftari akae pembeni aandike nani ametupa, nani amekosa, nani amepoteza mpira. Baada ya majuma matatu alinijia akasema, "Mwalimu, yule tunayemwita hodari anafunga sana kwa sababu anatupa mara nyingi, ila anakosa kuliko wenziwe wote." Nilihesabu mwenyewe nikakuta ni kweli. Tukabadilisha mchezo, na timu ikaanza kucheza kama timu.

Basi ulipofika wakati wa kwenda Same kwa mashindano ya kirafiki, nauli ikawa ni ya wachezaji na mwalimu mmoja, na msichana yule akaachwa. Nilipouliza, niliambiwa kwamba hachezi, ataenda kufanya nini? Gari lilipoondoka nikaona waheshimiwa wawili wamekaa viti vya mbele, nao pia hawachezi. Baba yake akaniambia afadhali binti abaki ashike jembe shambani kwenye mpunga kuliko kuandika pointi za watoto wa watu. Sikuwa na jibu la kumpa mzee huyo, maana gari lilikuwa limekwisha kumjibu.

Sisi Wapare tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko watu wengine. Huko milimani wazee wetu walijenga ndiva, malambo ya kukusanya maji ya vijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Wenye nguvu walichimba. Lakini ndiva haikuishi kwa wachimbaji peke yao. Alikuwapo mtu wa kugawa zamu, anayejua shamba la nani limekauka, nani alipata juzi, nani anadanganya. Mtu huyo hakuteuliwa kwa misuli yake, na aliyepuuza neno lake alijua mahindi yake yatakuwaje.

Katika vilabu vyetu vingi leo uongozi hupewa aliyepata kuwa nyota, au mwenye gari, au mwenye jamaa mkubwa. Sisemi nyota asiongoze. Mchezaji anajua mambo ya uwanjani ambayo karani hawezi kuyajua, na Ujiri mwenyewe alikuwa mchezaji kwanza. Ninachosema ni kwamba aliyestaafu kucheza aanze upya kama mwanafunzi. Abebe daftari miaka miwili mitatu, ajifunze hesabu za fedha, asome mkataba mpaka mstari wa mwisho, ndipo aitwe meneja. Kumtoa mtu uwanjani leo na kesho kumkabidhi sanduku la fedha la klabu ni kumwonea yeye na klabu pia. Tumeona vilabu vikigombana miaka nenda rudi juu ya risiti ambazo hakuna aliyefundishwa kuzitunza.

Jambo lingine ambalo mwenzangu hapendi nilitaje ni kwamba Ujiri hakusahau alikotoka. Mwaka 2003 alianzisha mpango wa Giants of Africa wa kuwafundisha vijana wa bara letu, na mwezi Julai 2018 uwanja uliojengwa kwa msaada wa mpango huo ulifunguliwa Kogelo, Kenya, Barack Obama akiwapo. Kigali nayo imejenga ukumbi mkubwa, uliofunguliwa mwaka 2019, na mwaka 2021 ligi ya Afrika ya mpira wa kikapu ilianzia humo. Jirani zetu wameona kwamba mchezo huu una kazi nyingi kuliko zile tano za uwanjani. Wapo wanaouza tiketi, wanaoandika takwimu, wanaotibu, wanaopanga safari, wanaoamua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu, wala hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, Maofisa Elimu wakubali kwamba kila timu ya shule inayosafiri iwe na nafasi moja ya mwanafunzi mwandishi wa mchezo, ihesabiwe kama nafasi ya mchezaji, asije mheshimiwa akaikalia. La pili, Shirikisho la Mpira wa Kikapu lilete mafunzo ya waandishi na waamuzi huku wilayani wakati wa likizo. Walimu tupo na madarasa yapo wazi. Sisi tutajitegemea kwa chakula.

Na kama yupo msomaji mwenye karatasi rasmi ya kuandikia pointi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, namwomba aeleze katika ukurasa huu jinsi ya kuipata. Hii tunayotumia tumeichora wenyewe kwa rula, na safu ya madhambi tumekwisha kuikosea mara mbili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Maore, Same.