Skrini Ikiganda, Mashine Haijafa

Katika vyumba vingi vya kompyuta imeota mizizi desturi mbaya: picha ikiganda na kipanya kikikataa kusogea, mkono hukimbilia swichi ya umeme. Pale ambapo mashine huendeshwa kwa mfumo huria wa Linux, desturi hiyo haina udhuru.

Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, hakichori madirisha. Kazi hiyo hufanywa na programu za pembeni, kama vile mfumo wa X ulioanzia katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Kwa hiyo picha yaweza kuzimika ilhali mashine i hai, kama taa ya sebuleni inavyoungua na nyumba ikabaki na umeme. Aghalabu yatosha kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Hutokea skrini ya maandishi, ambapo mtumiaji huandika jina lake na neno la siri. Kutoka hapo yafaa kwanza aizime ile programu moja iliyokwama. Isiposaidia, ndipo msimamizi aandike “sudo systemctl restart display-manager”, amri inayofanya kazi katika mifumo mingi itumiayo systemd.

Amri hiyo ina gharama yake. Kila kilichofunguliwa ndani ya picha hufungwa, na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Lakini hifadhidata, seva ya mafaili na huduma nyingine zilizo nje ya picha huendelea. Umeme ukikatwa ghafla, vyote huanguka, na faili lililokuwa likiandikwa laweza kuharibika. Kiini chenyewe kikikwama, hapo kweli hakuna amri itakayosikika. Lakini hilo ni nadra kuliko wakatao umeme wanavyodhani.

Linalofuata ni hali ya kuwakia. Unix System V ya mwaka 1983 ilizipa hali hizo namba: 0 kuzima, 6 kuwasha upya, 1 matengenezo. Katika jamii ya Red Hat, 3 ilikuwa maandishi na 5 picha. Debian haikuzigawa hivyo, jambo lililowatatiza wengi. Mfumo wa systemd, uliotolewa mwaka 2010 na kuwa chaguo-msingi la Debian mwaka 2015, uliweka majina: “multi-user.target” kwa maandishi na “graphical.target” kwa picha. Wanaoanza huchanganya amri mbili. “Systemctl isolate” hubadili hali papo hapo. “Systemctl set-default” hubadili hali ya kuwakia kutoka safari ijayo, bila kuigusa ya sasa.

Seva ya shule itunzayo alama za wanafunzi haihitaji picha hata kidogo. Iwakie katika maandishi, kumbukumbu ya mashine ibaki kwa kazi yenyewe, na pawe na kitu kimoja pungufu cha kuganda. Wapo watakaosema skrini nyeusi huwatisha wanafunzi. Kweli, na mashine za darasani ziachiwe picha zao. Hata hivyo hofu hiyo hutoka kwa kipindi kimoja: mwalimu achukue mashine isiyo na kazi ya mtu, aiweke iwakie katika maandishi, aiwashe upya mbele ya darasa, kisha amwite mwanafunzi aandike “sudo systemctl isolate graphical.target” na kuirudisha picha kwa mkono wake.