Kupekuliwa Sawa, Lakini Mwili Bado ni Wangu!

Najua nilipotea kidogo, UE ziko mlangoni na boom lilishakata siku nyingi, akili yote ilikuwa kwenye madesa. Leo nimeona niseme neno moja ambalo limenikaa kooni tangu mjadala wa juzi pale vimbwetani. Tulikuwa tunabishana juu ya ukaguzi wa viwanja vya ndege, hasa ule wa kupapaswa mwili mzima, na wenzangu wengi wakafunga hoja kirahisi tu: kama huna unachoficha, unaogopa nini? Mimi nasema hapana, haifungwi hivyo.

Kwanza tuelewane: sipingi ukaguzi. Nchi iliyoona yale ya tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani zikilipuliwa Dar na Nairobi siku moja, watu 11 wakafa hapa kwetu na zaidi ya 200 kule kwa majirani, haiwezi kuuita usalama mchezo. Nikipanda ndege nataka nifike kama mtu mwingine yeyote. Swali langu ni moja tu: mkono wa mkaguzi unaishia wapi, na nani kaamua?

Tuchukue Marekani, maana huko mambo haya yalifika mpaka mahakamani. Baada ya Septemba 11, 2001, serikali yao iliunda chombo kinachoitwa TSA kusimamia ukaguzi wa abiria. Ikaja Desemba 2001, jamaa akajaribu kulipua ndege kwa bomu la kwenye kiatu, watu wakaja kuvuliwa viatu. Agosti 2006 ikagundulika njama ya mabomu ya majimaji Uingereza, chupa zikapigwa marufuku. Siku ya Krismasi 2009, kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, akapanda ndege Amsterdam kwenda Detroit na bomu ndani ya chupi. Mnajua kilichofuata? Mwaka 2010 wakaguzi wakaanza kupapasa kwa kiganja na vidole mpaka sehemu nyeti, na mashine za skana zinazoonyesha umbo la mtu kama yuko uchi zikasambazwa viwanjani. Yaani kila mhalifu akibuni njia yake, bili inalipwa na abiria mwema!

Haikuchukua muda vilio vikaanza. Novemba 2010 pale Detroit, abiria aliyepona saratani ya kibofu alipapaswa mpaka mfuko wake wa mkojo ukafunguka, akapanda ndege nguo zimelowa. Alikuwa amejaribu kuwaeleza hali yake, hawakumsikiliza. Mkuu wa TSA wakati ule, John Pistole, alimpigia simu kumwomba radhi. Aprili 2011 ikatoka video ya mtoto wa kike wa miaka 6 akipapaswa uwanja wa New Orleans, wazazi wamesimama pembeni. Kelele zilipozidi, mwaka huohuo taratibu za watoto wa miaka 12 kushuka chini zikalegezwa. Sasa hebu niambieni, yule mgonjwa alikuwa anaficha nini? Alikuwa anaficha ugonjwa wake! Na hiyo ni haki yake.

Hapa ndipo hoja ya "huna unachoficha" inapoanguka. Mbona vyoo vya hosteli vina komeo? Tunafanya uhalifu mle ndani? Faragha siyo maficho ya mwovu. Ni uzio mdogo ambao kila mtu amewekewa kuuzunguka utu wake, na anayetaka kuuruka lazima abishe hodi na aseme kilichomleta.

Wengine watasema, si usipande ndege basi? Rahisi kusema. Mama anayekwenda kutibiwa India atapanda basi la Ubungo? Tena Marekani mahakama moja ya rufaa ilisema mwaka 2007, kwenye kesi iliyotokea Honolulu, kwamba ukishaanza ukaguzi huwezi kugeuza mawazo na kuondoka zako. Maana yake "ridhaa" ya abiria ni jina tu. Na ridhaa ikiwa jina tu, basi mipaka ya mkaguzi ndiyo inatakiwa iwe ya kweli.

Kwetu hilo halihitaji kuvumbuliwa. Katiba yetu ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu na maisha yake binafsi, halafu inataka sheria iseme ni katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Hali, namna, kiasi. Tena sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia staha. Kama mtuhumiwa wa wizi anapewa staha, sembuse abiria aliyelipa nauli yake na hana kosa lolote?

Halafu tujiulize, huo udhalilishaji unaleta usalama kweli? Mwaka 2015 wakaguzi wa siri wa serikali ya Marekani yenyewe walijaribu kupitisha silaha na mabomu bandia viwanjani. Ilivyoripotiwa, kati ya majaribio 70 walifanikiwa 67! Kumbe mtu anaweza kupapaswa mpaka kwenye mapaja na bastola ikapita. Kwa upande mwingine, zile skana za picha za uchi zilizoshindwa kuwekewa programu ya kuonyesha mchoro wa kawaida ziliondolewa viwanjani 2013, baada ya bunge lao kubana. Ndege hazikuacha kuruka. Na hata hilo la viatu, mwaka 2025 wametangaza abiria wabaki navyo miguuni. Vitu tulivyoambiwa haviepukiki vikaepukika, ila ilibidi kwanza watu waseme.

Kwa hiyo napendekeza nini? Mkaguzi aseme kabla ya kugusa: nitagusa hapa, kwa sababu hii. Abiria akaguliwe na mtu wa jinsia yake, na akitaka chumba cha pembeni na shahidi, apewe bila kununiwa. Mwenye hijabu, mwenye mguu wa bandia, mwenye mfuko wa mkojo, asikilizwe kabla, siyo kuombwa radhi baadaye. Na malalamiko yapokelewe palepale kwa maandishi, maana ndege ikisharuka nani atakukumbuka? Hayo yote hayaangushi ndege hata moja.

Najua kuna atakayesema, we mwalimu mtarajiwa wa sekondari ya kata, ndege na wewe wapi na wapi? Ngoja nikwambie. Sisi wa Education ndiyo wakaguzi wa kesho. Sisi ndio tutakaoingia mabwenini usiku na tochi, kupindua matranka na kupapasa mifuko ya sketi kutafuta simu. Mwanafunzi wa kidato cha pili hana pa kukimbilia, hana hata tiketi ya kurudisha. TP niliyofanya, kwenye shule ambayo sitaitaja, niliona wasichana wakipangwa mstari mbele ya shule nzima na kukaguliwa viunoni, wavulana wanacheka. Simu ilipatikana moja. Heshima zilizopotea pale sikuweza kuzihesabu.

Mtoto anayefundishwa kwamba mwili wake unaweza kushikwa na yeyote mwenye cheo, tunamtegemea kweli aseme "hapana" siku mwenye cheo atakapomshika kwa nia mbaya? Samaki mkunje angali mbichi, na huyu tunamkunja vibaya. Kwa hiyo wewe unayesubiri kupangiwa shule mwezi ujao, kabla hujaweka mkono kwenye mfuko wa mtoto jiulize maswali matatu: hali gani, namna gani, kiasi gani. Ukikosa jibu la hata moja, rudisha mkono mfukoni kwako.

Nawasilisha. Wa kunipinga karibuni, ila mje na hoja. Mungu atuvushe kwenye UE!