Uuguzi Baada ya Miaka Thelathini: Nani Kasema Muda Umepita?

Liko lalamiko linalorudiwa mara kwa mara katika baraza za misikiti yetu: mke wa fulani alikwenda kujifungua akahudumiwa na wanaume. Lalamiko hilo lina haki yake. La kustaajabisha ni kwamba wale wale wanaolitoa, pindi mama wa miaka 34 anapotangaza nia ya kuacha biashara yake ya vitenge akasomee uuguzi, humcheka, au humwambia kwa upole unaoumiza kuliko kicheko: "Binti yangu, muda wako umekwishapita."

Na tufanye hesabu. Hapa Tanzania stashahada ya uuguzi na ukunga husomwa kwa miaka 3, basi aliyeanza na miaka 34 huhitimu akiwa na 37. Matangazo ya ajira za Serikali kwa kawaida humtaka mwombaji asizidi miaka 45, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Hata akisubiri ajira miaka mitatu, atabakiwa na miaka 20 ya utumishi, ilhali pensheni ya mfuko wa umma hudai michango ya miaka 15. Anayestahiki kuambiwa ukweli mchungu ni yule wa miaka 42, kwani atahitimu mlango huo ukiwa unafungwa, abakie kutegemea hospitali binafsi.

Kizuizi cha kweli kiko kwingine, nasi walimu wa madrasa tunakijua ingawa hatupendi kukitaja. Anayetaka kujiunga na chuo hutakiwa awe amefaulu katika kidato cha nne masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ni mabinti wangapi waliambiwa nyumbani kwamba sayansi ni ngumu na wao ni watu wa kuolewa? Leo wana akili iliyokomaa, wana subira ya kulea wagonjwa na wazee, lakini cheti chao hakina Kemia. Njia haijafungwa, kwa kuwa mtu anaweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Anachokihitaji ni mwalimu wa sayansi na mahali pa kusomea jioni. Vyumba vya madrasa zetu hukaa vitupu baada ya Isha. Kamati ya msikiti inayoweza kununua zulia jipya haishindwi kumlipa mwalimu wa Kemia kwa usiku mbili za wiki. Aongezwe na wa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya masomo chuoni, na sisi tuliosoma kwa Kiarabu tunajua namna lugha ya kufundishiwa inavyoweza kumlemea mwanafunzi mwerevu.

Ipo pia tofauti ambayo wengi huichanganya. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mwenye cheti huandikishwa, na mwenye stashahada au shahada ndiye husajiliwa. Wote wawili hawafanyi kazi pasina leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Atakayeshawishiwa na kozi ya miezi michache mtaani ajue kuwa haitamfikisha kwenye daftari hilo.

Ama hoja ya zamu za usiku, kwamba haimfalii mama wa watoto kukesha hospitali, nawauliza wenye hoja hiyo: uchungu ukimshika mkeo saa nane za usiku, unataka akapokewe na nani? Tunamsifu Rufaida mimbarini kwa hema lake la majeruhi katika msikiti wa Madina, kisha tunamzuia jirani yetu asivae sare nyeupe! Mume akubali kupika chakula cha jioni mara tatu kwa wiki. Bibi wa watoto yupo, na shangazi yupo.

Simwiti kila mtu katika kazi hii. Wapo wahitimu wengi wanaosubiri ajira ya Serikali, na anayekimbilia uuguzi kwa sababu ya mshahara tu atawachosha wagonjwa kabla hajachoka yeye. Mama anayewaza jambo hili aombe kwanza kukaa siku chache na muuguzi wa zahanati iliyo karibu naye, aone kusafisha kidonda na kubadilisha shuka la mgonjwa asiyejiweza. Ikiwa nia itabaki, ahakikishe kuwa chuo anachokitaka kimesajiliwa na NACTVET, kisha aulize ada yote ya miaka 3, pamoja na sare, nauli na malazi wakati wa mafunzo ya wodini. Akiwa na jumla hiyo mkononi, aipeleke kwa kamati ya msikiti wake kwa maandishi, nayo imjibu kwa maandishi.